Siku Walipomzika Ndagala Angali Juu ya Maji

Sogeeni, nafasi ipo. Aliyekalia jerikani na ajiweke vizuri, maana habari ya Bénédicte haisikilizwi kwa mguu mmoja.

Ukiingia Shari, mtaa wetu katika mji wa Bunia, huna haja ya kuuliza nyumba ya video iko wapi. Utaisikia kabla hujaiona. Juu ya nguzo imefungwa spika, na kwenye spika hiyo inatoka sauti ya mwanamke, sauti nene yenye mikwaruzo, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Huyo ndiye Bénédicte. Kazi yake ni kuzisemea picha. Filamu inakuja na lugha yake, yeye anaitia yetu. Mtu akipigwa risasi kule ndani, Bénédicte atakwambia marehemu alikuwa mkwe wa nani na jana alikataa kula nini. Siku za mpira anatangaza mpira. Watu wanacheka, wanamtukana, wanarudi kesho.

Alitoka upande wa Iga Barrière, kwenye mashamba ya maharagwe. Vita vilipofika walikimbia wengi, wakafika Bunia wachache, na mume wake hakuwa kati ya waliofika. Sitasema zaidi hapo, mwenyewe hasemi. Alianza kukaanga mikate mlangoni mwa nyumba ya video ya Papa Antoine. Wakati ule micro, kile kipaza sauti, ilikuwa ya Rodrigue, kijana mwenye maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Kisha Rodrigue akasikia habari za dhahabu, akaenda machimboni kutajirika, na nyumba ikabaki bubu. Watu waliangalia filamu kama ng'ombe wanavyoangalia mvua.

Alasiri moja, mama mmoja kwenye picha alikuwa analia tu, na hakuna aliyejua analilia nini. Bénédicte, kijiko cha mafuta mkononi, akajibu kutoka mlangoni: "Analia juu bwana yake amekula nyama yote, amemuachia mufupa!" Nyumba nzima iligeuka. Walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Papa Antoine akachukua kile kijiko mkononi mwake, akamtilia micro.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka hapa. Mahali pengine pote Bunia, Bénédicte alikuwa "déplacée", mkimbizi wa vita. Bombani: "Ile déplacée angoje." Sokoni: "Déplacée, toa mukono." Hata waliompa nguo walimpa wakitazama pembeni. Micro peke yake hakupewa kwa huruma. Alipoishika, watu mia walinyamaza. Akiiacha, anarudi kuwa yule wa bombani. Ndiyo maana aliishika kama mtu anavyoshika mtoto wakati wa kuvuka mto.

Basi, Rodrigue akarudi. Dhahabu haikurudi naye. Alirudi na koti la ngozi lililopasuka kwapani na pikipiki ya kuazima. Siku ya kwanza tu aliingia mpaka mbele, filamu ikiendelea.

"Mama, asante kwa kunichungia kiti," alisema. "Leta micro."

"Kiti gani?" Bénédicte hakuzima hata micro, wote walisikia. "Weye ulikwenda kutafuta dhahabu. Onyesha dhahabu. Kama hauko nayo, rudia, pengine uliisahau mu shimo."

"Nilikwenda safari, sikufa! Micro ya mutu haipewi batu ba kukimbia."

Nyumba iligawanyika hapo hapo. Upande wa kulia, vijana wa pikipiki na wale wa zamani: Rodrigue, Rodrigue. Upande wa kushoto, walioizoea sauti ya mama. Papa Antoine, mwenye nyumba, ni mtu wa tumbo kubwa na moyo mdogo, Mungu amsamehe. Aliinua mikono: "Mimi niko katikati. Batu njo bataamua." Maana yake, ugomvi ujaze mabenchi.

Lakini mabenchi hayakujaa, kwa sababu ilikuwa miezi ile ambayo ligi za Ulaya zimefungwa. Papa Antoine alikuwa anapiga vidole kwenye rimoti, anatafuta chochote, na siku moja akaangukia kwenye bahari. Watu wamesimama juu ya vibao, katikati ya mawimbi, huko Afrika Kusini.

"Ni nini hii?" watu walilalamika. "Mutumbwi yao imevunjika?"

Bénédicte alisikiliza Mfaransa wa kwenye televisheni muda mrefu, micro imefunikwa na kiganja. Kisha akaanza kueleza. Wanashindana. Kila raundi inaitwa série, na kwenye série wanaingia wawili, mmoja amevaa nyekundu, mwingine bluu. Kila wimbi unalopanda, waamuzi wanakupa alama, mwisho kumi. Yanahesabiwa mawimbi yako mawili mazuri tu, mengine yanatupwa. King'ora kikilia, série imekwisha. Anayeshindwa anarudi nyumbani, anayeshinda anapanda ngazi.

Msicheke. Ndani ya siku chache Shari yote ilikuwa inaongea mawimbi. Mafundi wa baiskeli waligombana juu ya nani alianguka vibaya. Na kama ilivyo desturi yetu, kila mtu alitafuta wa kumpenda ili apate wa kumchukia.

Kulikuwa na msichana wa Kibrazili, mrefu, msuko mmoja mpaka kiunoni. Wakambatiza Kamba. Upande wa Rodrigue ukamchukua. Kulikuwa na msichana wa pale pale Afrika Kusini, mdogo, mwembamba, ukimwangalia kati ya mawimbi unasema huyu ataliwa. Bénédicte alimwita Ndagala, kama wale samaki wadogo wa kukaushwa, na upande wa kushoto ukamchukua. Wote wawili walishinda na kushinda, hadi siku ilipotangazwa kwamba kwenye robo fainali watakutana: Kamba nyekundu, Ndagala bluu.

Rodrigue alipanda juu ya benchi.

"Muniskilize! Mimi sipendi maneno mingi."

"Uongo wa kwanza!" mtu alipiga kelele.

"Kamba akishinda, micro inarudi kwangu. Ndagala akishinda, sitakanyaga hapa tena. Papa Antoine, weye ni shahidi. Mama déplacée, unakubali, ao unakimbia tena?"

Neno lile "tena" liliwainua vichwa hata wacheza karata wa nyuma. Bénédicte alimtazama.

"Ninakubali," alisema. "Na ile siku uvae viatu ya kutembea, hapana ya kung'aa. Njia ni murefu."

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Asubuhi moja alikuta beseni lake la unga limejazwa mchanga, na juu ya mchanga wamechomeka kibao. Vijana wa pikipiki wakipita nyumbani kwake walipiga honi kwa mwendo wa wimbo wa msiba. Naye hakuwa malaika. Kila filamu aliyosemea, mwizi aliitwa Rodrigue, mgonjwa wa tumbo aliitwa Rodrigue, na punda mmoja pia.

Sasa lazima niwaeleze matanga, kwa ajili ya mgeni. Kwetu, timu ikishindwa haiachwi hivi hivi. Inazikwa. Wanachukua karatoni kubwa ya televisheni au friji, wanaipaka rangi ya timu ile, ndiyo sanduku la maiti. Wanalibeba mabegani hadi nyumbani kwa mkubwa wa mashabiki wale, wakilia machozi ya uongo na matawi mikononi. Yule anayezikiwa lazima atoke, awape waombolezaji maji ya kunywa, na kinywa chake kifungwe hadi mchezo mwingine. Mwenye haraka ndiye hodari: sanduku likitoka mlangoni filimbi ikiwa bado inalia, mtaa mzima unasifu.

Na mliaji wa sanduku upande wa Rodrigue alikuwa Pétronille, mama wa upande wa Mahagi anayeuza samaki wa moshi. Kwenye msiba wa kweli Pétronille hulia kidogo, kwa heshima. Kwenye msiba wa mpira hulia mpaka kitambaa cha kichwa kinaanguka. Alikuwa hampendi Bénédicte tangu siku moja filamu ilipokuwa na mchawi, na mchawi akapewa jina la Pétronille.

Siku ikafika. Watu walikuwa hadi madirishani. Karatoni ilikuwa tayari mlangoni, imepakwa bluu, rangi bado mbichi. Upande wa Bénédicte hawakuwa wameleta ya nyekundu. Walikuwa wameanza kuogopa.

"Mama, umeandika wosia?" Pétronille aliuliza akiwa amekaa benchi la mbele, taulo la machozi begani.

"Nimekuachia weye kinywa yangu," Bénédicte alijibu. "Ya kwako imechoka."

Série ikaanza. Kamba alipata wimbi la mapema, akaliendesha kama mtu aliyezaliwa nalo. Saba na nusu. Upande wa kulia ulipasuka. Ndagala alipata dogo, sita na nusu. Kamba tena: saba. Ndagala akaanguka. Akainuka, akapata nne. Bénédicte alitangaza yote, na sauti haikupinda, lakini jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu.

"Kamba iko na kumi na ine na nusu," alisema. "Ndagala iko na kumi na nusu. Anaomba nane na kitu, ndugu zangu. Nane na kitu kidogo, na dakika zinakimbia."

"Zinakimbia kama weye!" walimjibu.

Maji yalitulia. Wasichana wawili walikaa juu ya vibao vyao, wanangoja, na nyumba nzima ya Papa Antoine ikangoja nao, ikitukana. Waliitukana bahari. Walimtukana Bénédicte. Mmoja alirusha ganda la ndizi, likagonga bega lake. Hakulitoa.

Halafu kule nyuma kabisa maji yaliinuka. Ndagala aligeuza kibao, akapiga mikono. Aliposimama, zilibaki sekunde tu. Lile wimbi lilikuwa refu, ndugu zangu, refu kama barabara ya Ariwara. Alishuka, akapanda, akakata, akaingia chini ya paa la maji akapotea, na alikuwa bado hajatokea king'ora kilipolia.

King'ora. Kwa watu wa mpira, king'ora ni filimbi, na filimbi ni mwisho. Kwenye pembe ya televisheni bado paliandikwa kumi na nne na nusu, kumi na nusu.

"IMEKWISHA!" Rodrigue alipiga kelele, na watu wote nyuma yake.

Je, Bénédicte alijua kwamba wimbi lililopandwa kabla ya king'ora linahesabiwa, na kwamba alama zake zinakuja baadaye? Alipaswa kujua. Lakini katika zile siku zote hakuna série iliyomalizika hivyo, na kelele zilikuwa zimemfunika Mfaransa. Na yeye alikuwa mtu wa mpira kama sisi. Alisikia filimbi. Alisema kwa micro, polepole, "Imekwisha," na akaiweka juu ya meza. Neno ni neno.

Sanduku lilikuwa limeshatoka mlangoni. "Yoooo Ndagala!" Pétronille alilia huko nje, "Yooo mama, utatuachia nani, ulikuwa unakaukia jua gani!" Rodrigue alibebwa mabegani, koti lake likapasuka kwapa la pili. Wakaelekea nyumbani kwa Bénédicte, matawi juu, pikipiki mbele. Hata wa upande wa kushoto walifuata, maana sanduku ni sanduku.

Ndani walibaki wawili, Bénédicte na Papa Antoine kwenye dekoda yake. Bénédicte alikuwa anakunja kitenge chake. Akainua macho mara ya mwisho, kama unavyoaga nyumba.

Nane na nusu.

Namba zilibadilika mbele yake. Bluu kumi na tano. Jina la Ndagala likapanda juu, la Kamba likashuka. Msichana kule ufukweni alikuwa anapiga magoti mchangani, watu wanamrukia.

Papa Antoine pia aliona. Alitazama mlango, alitazama televisheni.

"Mama Béné," alisema kwa sauti ya chini. "Acha tu vile. Batu bamefurahi. Leo batarudi, na kesho batarudi. Unajua vile batafanya wakisikia?"

"Najua."

"Batavunja mabenchi."

"Utatengeneza ingine. Weye si uko katikati? Basi kaa pale."

Akachukua micro, akafungua spika ya nguzoni mpaka mwisho. Bunia yote ya upande ule ilisikia:

"Rudisheni sanduku! Rudisheni sanduku, nasema! Munamuzika mutu anahema! Ndagala amepewa nane na nusu. Kamba amekufa tangu zamani, na munamucheza juu ya kichwa! Pétronille, panguza machozi, ulilia maiti yako mwenyewe!"

Walirudi. Loo, walirudi. Walirudi wakikimbia, na si kwa furaha. Sanduku lilitupwa ndani, likaangukia mabenchi.

"Muongo!"

"Uliweka micro chini weye mwenyewe! Siye tuliona!" Rodrigue alimnyooshea kidole. "Filimbi ilipiga! Ni nani anapewa goli baada ya filimbi?"

"Iko wapi hiyo nane? Onyesha!"

Lakini televisheni ilikuwa imehamia kwenye matangazo ya sabuni. Hakuna namba, hakuna bahari. Wote walimgeukia Papa Antoine. Alijikuna shingo. Alisema alikuwa ameinama anatafuta waya.

Bénédicte alimtazama kidogo tu. Kisha akasema kwa micro, taratibu kabisa: "Kaeni. Leo hii hii iko nusu fainali. Mwenye alishindwa haingii tena mu maji. Tutaona nani anaingia. Akiingia Kamba, munizike bila karatoni."

"Esansi ya groupe imekwisha," Papa Antoine alisema haraka, mkono ukielekea kwenye mashine ya umeme. Alitaka giza limwokoe.

Na hapa ndipo chuki ilipomsaidia Bénédicte kuliko marafiki walivyowahi. "Nani anazima? Hakuna kuzima!" vijana wa pikipiki walinguruma. "Tunataka kuona haya yake!" Wawili walitoka, wakanyonya mafuta kwenye pikipiki zao wenyewe, wakayamimina kwenye groupe. Mmoja alitema mate ya petroli karibu na miguu ya Bénédicte. "Hii ni ya mazishi yako, mama."

Wakangoja. Pétronille alikaa tayari na taulo lake. Hakuna aliyeongea na mwenzake, walikuwa wanaongea wote na Bénédicte, na hakuna neno nililosikia pale ambalo naweza kuwaambia watoto hawa. Yeye alisimama tu, micro kwenye kifua.

Bahari ikarudi. Mbali kabisa, msichana alikuwa anateremka kwenye mawe, ameipa kamera mgongo, kibao cha kwapani kikimficha nusu. Amevaa nyekundu.

"NYEKUNDU! KAMBA! KAMBAAA!" Sanduku lilinyanyuliwa tena. Pétronille alikuwa ameshafungua kinywa. Rodrigue alimkimbilia Bénédicte, akashika micro. Walivutana, yeye kwa mkono mmoja, mama kwa miwili.

Kamera ikazunguka. Yule msichana akageuka.

Alikuwa mdogo, mwembamba, meno yote nje.

Ndagala. Kumbe nguo hazifuati mtu, zinagawiwa upya kila série, na safari hii nyekundu ilimwangukia yeye. Bénédicte hakuhitaji kusema kitu.

"Achilia," alimwambia Rodrigue.

Rodrigue aliachilia. Kwa dakika moja nilifikiri ataondoka, kama alivyoahidi mbele ya watu. Lakini mjue Rodrigue. Aliruka juu ya benchi, mikono angani.

"Siye ni nani? Siye ni nyekundu! Tangu zamani siye ni nyekundu! Ndagala amekuja kwetu, amevaa nguo yetu! Ndagala ni ya nani?"

"YA SIYE!" Nusu ya nyumba, wale wale waliokuwa wamembeba marehemu mabegani, wakaanza kuimba jina lake. Pétronille pia. Alilia, na safari hii naamini yalikuwa machozi ya kweli.

Papa Antoine alisogea karibu na Bénédicte, kichwa chini. "Micro ni yako, Mama. Hakuna mwenye atakugusa. Sasa tangaza basi, Ndagala wako anaingia."

Bénédicte aliwatazama wale walioimba. Alitazama upande wa kushoto, walioanza nao kupiga makofi, wanafurahi kwamba ugomvi umekwisha. Mimi nilikuwa karibu, niliona taya lake likikaza. Walikuwa wamemchukulia beseni, usingizi, sasa na huyu samaki.

Kule majini alikuwepo msichana mwingine, mwenye bluu, ambaye hakuna mtu Shari aliyejua jina lake wala nchi yake. Bénédicte alipuliza ndani ya micro mara mbili.

"Ndugu zangu," alisema, "leo mimi niko na bluu. Ile nyekundu mubaki nayo."

Kelele iliyopanda, sijaisikia tena. Matawi, maganda, kiatu kimoja kilichong'aa, vyote viliruka mbele. Aliinama kiatu kikapita. Wimbi la kwanza lilikuwa linainuka, na yeye alikuwa ameshaanza kumtafutia yule mgeni mama mkwe, ukoo, na sababu ya kuwachukia watu wote waliokuwa ndani ya ile nyumba.

Mpaka leo Rodrigue hamsalimii. Ana nyumba yake ya video ng'ambo ya barabara, spika inatazama spika. Ukipita pale mchana utasikia wawili wanasemea filamu mbili kwa wakati mmoja, na ukikaa kidogo utagundua kwamba wanajibizana.